Mnazi Hupigwa, Nata Haiguswi

Aling Sensya ana mfugo ambao mwewe haunyakui wala jirani hauibi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona. Unaishi ndani ya chupa kuukuu ya siki kwenye rafu ya jikoni, na kila baada ya siku tisa hulishwa maji ya nazi na sukari. Mwaka wa thelathini na moja huu. Kuku wamekuja na kwenda, mbwa watatu wamezikwa nyuma ya choo, marais wameapishwa na kusahaulika, chupa iko palepale. Sisi wa kijiji cha Munting Ilog tunaiita chachu. Mumewe, Mang Pulo (kwetu Mang ni Bwana, na Aling ni Bibi), anaiita mume mwenzake.

Ilianza mwaka ule Wajapani walipoingiwa na kichaa cha kula nata. Kila nyumba kijijini kwetu ilijaa mabeseni. Dukani yaliisha kabisa, watoto wachanga wakawa wanaogeshwa ndooni, na hata padri alisikika akiuliza bei. Kazi yenyewe haina siri. Unachemsha maji ya nazi na sukari, unaacha yapoe, unatia siki kali na chachu kidogo, unamimina kwenye mabeseni, unafunika kwa gazeti, halafu unaondoka. Ndani ya siku tisa utando mweupe unaota juu ya maji, unanenepa hadi kufikia unene wa kidole, laini na mgumu kwa pamoja. Unaukata vipande, unauchemsha, unauweka kwenye sukari. Ndiyo nata hiyo.

Kisha Wajapani wakapata kichaa kingine. Wanunuzi hawakurudi, na watu wakamwaga chachu zao mtoni hata maji yakanuka siki wiki nzima. Aling Sensya, binti mbichi wa miaka ishirini na mitatu wakati huo, mtoto kifuani, alisimama ukingoni na chupa yake mkononi. Akaitazama. Akarudi nayo nyumbani.

"Mkono huu nimemnyonyesha Minya, na huu nimeilisha chupa," alimwambia mumewe. "Sasa nimmwage nani?"

Akaendelea kutengeneza nata ya kuuza sokoni, mabeseni machache tu, na ni nata hiyo iliyomsomesha Minya hadi akawa mwalimu wa sayansi. Lakini nata ina sharti moja, nalo ni gumu kuliko sheria za kanisa: haiguswi. Ukiligonga beseni katika siku zile tisa, utando unazama, na wale wasioonekana wanaanza kazi upya, wakiwa wamenuna. Ndiyo maana nyumbani kwa Aling Sensya watu walikuwa wakitembea kama wezi. Ukipiga chafya pale, unaangaliwa.

Na mwanamke huyo, Mungu anajua kuchekesha, aliolewa na mkwezi.

Mang Pulo alikuwa akikwea minazi arobaini kwa siku, na kila alichokifanya kilikuwa na kishindo. Alicheka kwa kishindo, alishuka ngazi kwa kishindo, nazi zake zilianguka kwa kishindo. Siku ya arusi yao alipanda mnazi kwenye kona ya nyumba, karibu mno, kwa kuwa hakufikiria kwamba mti huo ungekua. Sasa shina lake linakaribia kugusa dirisha, na mizizi yake imeingia hadi uvunguni, kati ya nguzo zinazoinua juu ya ardhi nyumba yao ya mianzi.

Kwa miaka thelathini ugomvi wao ulikuwa huo mmoja tu, nani mkubwa, mti au kijidudu.

"Mti unasimama," Mang Pulo alikuwa akisema, akila. "Unastahimili dhoruba. Unatoa nazi, mafuta, kuti, fagio, nguzo. Chako kinatoa nini? Kitu kinachotetemeka kwenye sahani."

"Mti wako umechukua miaka saba kuzaa nazi ya kwanza," Aling Sensya alijibu. "Wangu siku tisa. Tena hawajaniangukia kichwani hata siku moja."

"Bila maji ya nazi yangu wangekula nini hao?"

"Na bila hao maji ya nazi yako yangekuwa nini? Mikojo ya mbuzi iliyochacha."

Minya aliporudi kutoka chuo cha ualimu alijaribu kuwapatanisha, kosa ambalo hufanywa na wasomi wengi. Aliketi barazani akawaeleza kwamba utando wa nata na mbao za mnazi vimefumwa kwa uzi uleule mmoja. Mti unaufuma juani, taratibu, kwa miaka themanini, ukiwa umeshika ardhi. Bakteria inaufuma gizani, haraka, ikielea bila kushika chochote. Mti mmoja kwa macho, bakteria mabilioni kwa kijiko. "Lakini uzi ni uleule, Baba. Ukiukuza sana utashindwa kuutofautisha."

Mang Pulo alitafuna kwanza. "Unataka kuniambia nimekuwa nikikwea nata?"

"Kwa namna fulani."

"Haya. Na mama yako amekuwa akikatakata mnazi wangu na kuutia sukari." Akacheka mpaka sakafu ikatikisika, na Aling Sensya akakimbilia uvunguni kuangalia mabeseni.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Kwetu kengele za kanisa hunyamaza tangu Alhamisi Kuu, kijiji kizima huwa kimya kama kimefunikwa blanketi, hakuna kutwanga, hakuna kupiga misumari, hata redio huzimwa. Ni siku ambazo nata huota vizuri kuliko wakati wowote wa mwaka, na Aling Sensya huzipenda kwa sababu za kidini na nyinginezo. Halafu alfajiri ya Pasaka, sanamu ya Mama inapokutana na ya Mwanawe mbele ya kanisa, kengele zote hulia kwa mpigo mmoja, na hapo watoto wanaruka juu ili warefuke, na wakubwa wanachukua michi na magongo wanaipiga miti ili izae. Mti usiopigwa alfajiri hiyo unasinzia mwaka mzima. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hakuna mwalimu wa sayansi atakayetutoa huko. Mang Pulo alikuwa akiupiga mnazi wake kwa mchi mara kumi na mbili, akiutukana kwa mapenzi, na nyumba nzima ikicheza. Kwa hiyo kila mwaka Aling Sensya alipanga hesabu ya siku zake ili pasiwe na beseni lolote uvunguni siku hiyo.

Miaka miwili iliyopita, katika msimu wa mvua, Mang Pulo aliteleza kwenye mnazi wa jirani wenye ukungu wa kijani. Hakufa. Miguu ndiyo iliyokufa, kuanzia kiunoni. Rafiki yake seremala alimtengenezea kitanda cha peke yake, ambacho matendegu yake yanapenya sakafu ya mianzi na kwenda kusimama ardhini, ili nyayo za watu zisimtikise mgongo. Kikawekwa dirishani, mbele ya mnazi. Tangu hapo hakucheka tena kwa kishindo. Aling Sensya, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akiomba utulivu ndani ya nyumba ile, aliupata, na akauchukia.

Mnazi nao ukapunguza. Msimu uliopita ulitoa nazi nne.

"Ukame," alisema Minya.

"Haujapigwa Pasaka mbili," alisema Mang Pulo.

Sasa mwaka huu. Mwezi wa tatu joto lilikuwa la kuivisha mayai juani, na ukungu ukaingia kwenye mabeseni ya Aling Sensya, madoa mekundu kwanza, kisha ya kijani. Nazi mbovu harabu ya nzima. Ndani ya wiki mbili alikuwa amemwaga kila kitu, akachemsha mabeseni, akachoma magazeti. Kilichosalia kikiwa safi ni vidole vitatu vya chachu chini ya ile chupa. Minya, aliyekuja na wanawe wawili kwa likizo, alimwambia kwamba mjini kuna ofisi inayotoa chachu, angemletea chupa nzima baada ya sikukuu.

"Hiyo ni nyingine," alisema Aling Sensya.

"Ni aina ileile, Mama. Bakteria hawana majina."

"Na wewe nikuletee mtoto mwingine wa aina ileile?"

Jumanne ya Juma Kuu akachemsha maji, akaosha mikono mara tatu, akaigawanya chachu yote kwenye mabeseni matatu kwenye rafu ya uvunguni, kwa kuwa kuiacha chupani na ukungu ule ulioko hewani kungekuwa kuizika. Utando ukishaota na kuwa mnene, unafunika maji kama mfuniko na ukungu haupati pa kuingilia. Ukizama kabla ya hapo, kwa joto lile, ukungu utawahi. Alihesabu kwa vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Pasaka ni siku ya tano. Siku ya tano utando ni kama kitambaa cha kichwa.

Jumatano jioni, akimlisha mumewe wali na samaki mkavu kwenye sahani kwa sababu bakuli lake la supu lenye maua ya bluu lilikuwa halionekani, Mang Pulo alisema, "Mama Minya. Pasaka hii nataka mnazi upigwe."

"Utapigwa Alhamisi ijayo. Nata ikishaiva."

"Kengele hazilii Alhamisi ijayo."

"Basi utapigwa mwakani."

"Mwakani," alirudia, kama mtu anayeonja chakula kisicho na chumvi. Aling Sensya alilisikia neno hilo, likamchoma, lakini akafikiria mabeseni matatu na akaendelea kumlisha. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili mume wake kumwomba kitu kisichokuwa maji ya kunywa.

Usumbufu wake ulikuwa umeanza Jumanne ileile. Kwanza alitaka blanketi, katika joto lile, miguuni.

"Miguu isiyohisi kitu inasikia baridi?"

"Inakumbuka baridi," alisema Mang Pulo. "Mwite Minya anifunike. Wewe mikono yako inanuka siki."

Kisha akakataa kuogeshwa. Kifuani na mabegani alikubali kupanguswa, lakini kiunoni kwenda chini, hapana. "Juu osha, chini acha. Ijumaa Kuu mtu haogi, bibi yangu aliniambia nitapata ukoma."

"Leo ni Alhamisi!"

"Najiandaa."

Ijumaa hakuoga, na hilo lilikuwa sawa, hakuna aliyeoga. Jumamosi nayo ni kabla ya ufufuko, akasema. Hata kugeuzwa ubavu alikataa, na mchana Minya aliingiza tu mkono na kijitaulo chini ya mgongo wake, mlango ukiwa umefungwa. Aling Sensya aliingia na sahani ya uji wa tui wenye ndizi na viazi, akanusa, akasimama.

"Pulo, unachacha."

"Ni huzuni ya Juma Kuu."

"Unanuka kama mtungi. Watu wakija kusali hapa watasema sikutunzi!"

"Waambie ni mume wa mwenye siki." Naye akakodoa macho darini, mikono imelala pembeni, ametulia kama sanamu kwenye maandamano. Aling Sensya alitoka akiwa amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu alishawahi kuona wazee wakianza kukataa maji, kisha chakula, kisha wengine wote. Aliogopa kwamba amemnyima ule mnazi na kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kuondoka.

Usiku alilala uvunguni karibu na rafu. Kabla ya jua kuchomoza alipanda juu akawapanga wajukuu katikati ya sakafu. Ningning ana miaka minane. Dado ana sita, na ndiye mfupi kuliko wote darasani kwake. Tangu Krismasi alikuwa akiisubiri alfajiri hii.

"Hakuna kuruka," alisema Aling Sensya. "Mnasikia? Mkitaka kuruka nendeni barabarani."

"Barabarani kuna mbwa wa Aling Upeng," alisema Ningning.

"Basi simameni. Mwakani mtaruka mara mbili."

Dado hakulia. Aliuuma mdomo wa chini kwa meno na kuutazama ukuta.

Kengele zikalia. Baada ya kimya cha siku tatu zilipasua anga, na mara hiyo kijiji chote kikaamka: watoto wa majirani wakapiga kelele, kila nyumba ikadunda, kutoka kila shamba ikasikika michi ikigonga miti, to, to, to, hadi kilimani. Ndani ya nyumba ile moja tu watu walikuwa wamesimama kimya. Dado alikuwa ameinuka kwenye ncha za vidole vyake, visigino vikitetemeka, akijaribu kurefuka bila kuigonga wala kuiachia sakafu.

Aling Sensya akamgeukia mumewe. Mang Pulo alikuwa amelala chali vilevile. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa umepita dirishani, na kwa kiganja kitupu alikuwa akiupigapiga mnazi wake, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto ambaye hataki kumshtua. Kiganja kile hakikutoa hata sauti.

Alifikiria chupa. Alifikiria mto ulionuka siki, na Minya kifuani, na miaka thelathini na mmoja ya siku tisa tisa. Alijua anachokitoa, asije mtu akasema alipitiwa. Machozi yalikuwa yameshafika.

"Rukeni!" alisema.

Watoto wakamtazama.

"Mmekuwa viziwi? Rukeni, kengele zitakoma!"

Dado aliruka kama aliyetupwa na mtu. Sakafu ikaitika, vumbi la mianzi likaanguka kama unga, na Aling Sensya alikuwa ameshashuka ngazi, ameunyakua mchi kinuni, amesimama mbele ya mnazi. Akaupiga. Mti ukatikisika, nguzo ikatikisika, na alisikia uvunguni rafu ikigongana na mabeseni. Akaupiga tena. "Zaa, mvivu wewe!" alipiga kelele, kwa maneno ya mumewe. "Zaa, mlafi, mla jua la bure! Miaka thelathini na minne unakaa kwangu bila kulipa pango!" Mara kumi na mbili. Dirishani, Mang Pulo alianza kucheka, kwanza kwa pumzi, kisha kwa kishindo, kile cha zamani.

Kengele zilipokoma, aliweka mchi chini na kwenda kuangalia, ingawa hakukuwa na haja. Magazeti yalikuwa yameteleza. Katika mabeseni yote matatu utando ulikuwa umezama na kujikunja kama leso iliyoangukia kisimani, na juu ya maji kulikuwa na unga wa mianzi, wa njano, uliojaa kila aina ya uchafu. Akaketi juu ya kinu. Hakujuta, lakini aliumia, na aliona haya kuomboleza kitu ambacho hata macho hakina.

"Mama Minya!" Sauti ilitoka juu. "Pasaka imefika! Njoo uniogeshe!"

Alipanda taratibu, na beseni la maji ya kuogea. Minya alikuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyekamatwa na kuku chini ya shati.

"Anza na miguu," alisema Mang Pulo. "Lakini taratibu."

Aling Sensya akafunua blanketi. Kati ya vifundo viwili vya miguu, pale ambapo hakuna kitu kilichokuwa kimejongea tangu Jumanne, kulikuwa na bakuli lenye maua ya bluu, limefunikwa kwa gazeti na kufungwa kwa kibanio cha mpira cha nywele za Minya. Akakitoa. Utando ulikuwa umekaa juu, mzima, mweupe, umejaza bakuli ukingo hadi ukingo, na haukuwa na doa hata moja.

Minya akasogea hadi kitandani.

"Upawa mmoja tu, Mama," alisema Minya. "Ulipokwenda kuanika magazeti. Baba alinituma."

"Nilijua nitakuomba," alisema Mang Pulo. "Na nilijua utakataa Jumatano, na alfajiri utakubali. Nimekaa nawe miaka thelathini na minne."

"Na kama nisingekubali?"

"Ungekuwa na mabeseni matatu na bakuli."

"Umelala chali siku tano. Hukugeuka."

"Kitanda hiki hakisogei, na hapo chini panatulia kuliko kanisa." Aliitazama miguu yake, kwa mara ya kwanza bila kinyongo. "Nayo ilikuwa imekaa bure."

Aling Sensya alimpenda mzee yule wakati ule kiasi cha kutamani kumtwanga kwa mchi. Aliinama akalinusa bakuli, akalitazama tena, akafuta uso kwa kiwiko.

"Haya," alisema Mang Pulo, akianza kujivuta kwa mikono ainuke. "Lete maji. Na sabuni. Ninawashwa kila mahali panapowasha."

"Tulia hapohapo!"

"Nini tena?"

"Leo ni siku ya tano." Alirudisha gazeti, akafunga mpira, akalitandaza blanketi juu ya miguu, pembe moja baada ya nyingine. "Zimebaki nne."

"Nne! Sensya, ninanuka!"

"Unanuka vizuri," alisema. "Usitikisike."